Gema lililokuwa likiliwa kutoka juu: kisa cha ukingo mmoja wa Ziwa Kivu, Bukavu

Mwishoni mwa Mei 2023 mama mmoja wa Ibanda, mojawapo ya komuni za mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, aliniita mimi niliyesomea kilimo nikaangalie ukingo wa kiwanja chake. Wiki tatu kabla, tarehe 4, mafuriko yalikuwa yameshuka juu ya Bushushu na Nyamukubi kule Kalehe na kuua watu zaidi ya 400. Bukavu ilikuwa bado matangani. Tangu siku ile mama huyo hakuwa amepata usingizi mzuri: nyumba yake iko hatua kumi na tano tu kutoka ukingoni, na chini ya ukingo ni ziwa.

"Ziwa iko inatukula, mwanangu," aliniambia, akinionyesha mahali palipokuwa na jiko la nje miaka miwili nyuma. Sasa palikuwa hewa tupu.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu mama alikuwa na haki ya kuogopa, ila mlaji hakuwa yule aliyemdhani. Na kama tungemfuata yule aliyemdhani, tungemaliza pesa zake zote chini majini wakati gema linaendelea kushuka.

Gema lenyewe lina urefu wa mita kama arobaini kando ya maji, na kimo cha mita sita hivi. Udongo wake ni ule wa Bukavu tunaoujua sote: mfinyanzi mwekundu, uliotokana na mawe ya volkano yaliyooza kwa karne nyingi. Ukikauka ni tofali. Ukilowa hadi ndani ni sabuni. Juu ya ukingo palikuwa na mikaratusi miwili mikubwa iliyoinamia ziwa, mizizi yake nusu nje. Katikati palipita njia iliyonyooka kutoka juu hadi majini, ambayo mtaa mzima uliitumia kuchota maji na kufulia. Chini kulikuwa na mabaki ya ukuta wa mawe na saruji uliojengwa na fundi mmoja mwaka mmoja kabla, na ambao haukumaliza msimu mmoja wa mvua. Upande wa kushoto, kwa jirani, kilikuwa kimebaki kipande cha matete, labda mita nane. Nyuma ya matete hayo gema lilikuwa limelala kwa mteremko wa polepole, limevaa majani, bila jeraha hata moja. Kwa mama lilikuwa limesimama wima, jekundu, uchi.

Watu wengi wakiona picha hizo mbili wanasema: basi dawa ni matete, tupande. Nami karibu niseme hivyo.

Nilimwomba mama kitu kimoja kwanza. Mvua ya mwisho ya msimu ilikuwa bado haijaisha, basi nikamwambia ikinyesha tena aniite, usiku au mchana. Alipiga simu siku ya nne, saa tisa alasiri. Nilikwenda na mwavuli na chupa tatu tupu za maji. Mvua ikipiga, nilijaza chupa ya kwanza ukingoni mwa ziwa, pale mawimbi yanapogonga mguu wa gema. Ya pili niliijaza chini ya ile njia, ambayo wakati huo haikuwa njia tena, ilikuwa mto mdogo unaoruka. Ya tatu niliijaza kwenye mdomo wa gema, pale maji ya mabati ya nyumba yalipokuwa yakimwagika uani na kukimbilia ukingoni. Zote tatu tukazipanga juu ya meza ya mama, tukaziacha zilale.

Asubuhi chupa ya ziwa ilikuwa na vumbi jembamba tu chini. Ya ukingoni juu ilikuwa na tope la unene wa kidole kimoja. Ya njia ilikuwa na vidole vitatu. Mama aliishika ile ya njia, akaigeuza polepole kwenye mwanga wa dirisha, akainama akaiangalia kwa karibu. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akauliza: "Hii yote ni kiwanja changu?"

Si chake peke yake. Kilikuwa kiwanja chake na vya waliokuwa juu yake. Hapo ndipo nilipochukua karatasi. Nyumba ya mama ina paa la mita 8 kwa 10, yaani mita 80 za mraba. Mvua ya milimita 40, ambayo kwetu si ajabu kushuka kwa alasiri moja, ikianguka juu ya paa hilo inatoa lita 3,200. Kwa bidoni zetu za lita 20, ni bidoni 160. Juu ya kiwanja chake kuna nyumba nyingine tatu za ukubwa unaokaribiana, zote za mabati, hakuna hata moja yenye mfereji wa paa. Mvua moja inamwaga juu ya gema lake zaidi ya bidoni 600, na hapo sijahesabu nyua zilizopigwa saruji, wala bafu, wala choo cha shimo kilichochimbwa mita chache kutoka mdomo wa gema.

Ukimwambia mtu "maji mengi" anaitikia kwa kichwa. Ukimwambia abebe bidoni 600 akazimwage mahali pamoja kwa saa moja, anaelewa.

Ziwa nalo lina sehemu yake, sikatai. Kiangazi upepo wa kusini unapoamka mawimbi yanagonga, na meli za Goma zinapopita zinasukuma maji hadi pwani. Maji ya ziwa hupanda mwishoni mwa mvua, na hapo ndipo yanapolamba mguu wa gema. Lakini Kivu si bahari, na sehemu zetu za Bukavu, kati ya zile rasi tano zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono, zimejificha. Mawimbi yalikuwa yakizoa udongo uliokwisha kuanguka. Kilichouangusha kilitoka juu.

Kuna ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili mjini kwetu. Mtaa wa Funu, huko Kadutu, umekaa juu ya mporomoko mkubwa wa zamani unaoendelea kusogea. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliolinganisha picha za angani na za setilaiti za takriban miaka 70, ulionyesha kwamba sehemu zilizojengwa nyumba zimeongeza kasi, na maji yanayobadilishwa njia na ujenzi ni sababu inayotajwa. Ukitembea Funu baada ya mvua huhitaji utafiti kukuonyesha, lakini ni vizuri upo, kwa sababu mwenye mabati hupenda kusema kwamba milima ya Bukavu imeanguka tangu enzi za mababu.

Basi mpango wetu ukageuka. Mama alikuwa ameweka pesa za kujenga ukuta wa pili. Nilimwomba asimwage hata kilo moja ya saruji majini kabla hatujayashika maji ya juu.

Kwa nini ukuta wa kwanza ulianguka? Nilikwenda kuuchungulia wakati wa jua. Mawe yalikuwa mazuri, saruji haikuwa mbaya sana. Lakini fundi alikuwa ameuziba kabisa, bila tundu hata moja la kutolea maji. Mvua iliponyesha, maji yaliingia kwenye udongo nyuma ya ukuta yakakosa pa kutokea. Mfinyanzi uliojaa maji unasukuma kwa nguvu ambayo ukuta wa unene wa mkono mmoja hauwezi kuizuia. Ulipasuka kwa kusukumwa na nchi kavu, ukaangukia ziwani. Namna ulivyolala ilitosha kueleza: ungekuwa umebomolewa na mawimbi ungelegea kutoka chini.

Tulianza Julai, kiangazi. Mwenyekiti wa avenyu aliita salongo, yaani kazi ya pamoja ya mtaa, siku ya Jumamosi na watu kama ishirini wakaja, wengine kwa sababu ya mama, wengine kwa sababu ya ile njia yao ya maji. Hapo ndipo tulipata mgogoro wa kwanza, na ulikuwa halali. Nilikuwa nimechora njia ifungwe. Mama mmoja mwenye ndoo kichwani alisimama katikati ya njia, akaniuliza mbele ya wote: "Mukifunga hii, maji tutachotea wapi? Kwako?"

Sikuwa na jibu. Ukingo ambao watu wamekatazwa hauponi, kwa sababu wataukanyaga usiku. Tukaifuta ile michoro, tukakaa na wamama wenyewe, wakaonyesha wanakopitia kweli, wanakopumzika na ndoo, na wapi watoto huteleza. Njia mpya waliichora wao kwa kijiti ardhini. Inashuka kwa kukata gema kwa mshazari, na kona mbili. Ngazi zake tulizitengeneza kwa magogo yaliyoshikwa na vigingi, na kila ngazi ya tano ina mlalo wa mawe unaotoa maji pembeni kabla hayajapata mbio. Chini tukapanga mawe bapa ya kufulia. Ile njia ya zamani, iliyokuwa imechimbika hadi kimo cha kiuno, tuliifunga kwa vizuizi vya fito na matawi, kimoja kila baada ya mita mbili, tukaiacha ijijaze yenyewe kwa tope.

Juu ya gema tulihitaji mtaro wa kukamata maji kabla hayajafika mdomoni. Mzee mmoja alipoona majembe na neno "mtaro" likatajwa, uso ulimbadilika. Alikuwa mtoto wakati Wabelgiji walipowalazimisha watu wa milimani kuchimba mitaro ya mmomonyoko, na baba yake alichimba bila kulipwa. Alisema hataki kuona mtaro. Tuliongea naye muda mrefu. Mwishowe yeye ndiye aliyetutengenezea fremu ya A: fito mbili zimefungwa juu, ufito mmoja katikati, na kamba yenye jiwe ikining'inia. Unaisimamisha, kamba ikikaa kwenye alama ya katikati, miguu miwili iko kwenye usawa mmoja. Mikono yake ilikuwa inakumbuka kazi ambayo yeye aliichukia.

Lakini hapa kuna jambo ambalo wengi hulikosea, hata sisi tuliosomea kilimo. Mitaro ya shambani huchimbwa sawasawa na usawa wa kilima ili maji yatulie na kuzama. Shambani ni vizuri. Kwenye mdomo wa gema lenye nyufa ni kuliua. Maji yakizama nyuma ya ufa, yanaongeza uzito na kulainisha mahali pa kuteleza, na siku moja kipande kizima kinashuka kwa mpigo. Gema la mama lilikuwa na ufa mmoja wa upana wa kidole, umbali wa hatua tatu kutoka mdomoni. Kwa hiyo mtaro wetu tuliupa mteremko mdogo, sentimita moja au mbili kwa kila mita, tukaukandika mfinyanzi na mawe ili usinywe, ukapeleka maji pembeni hadi kwenye mfereji wa mawe unaoshuka ziwani kwa ngazi. Ufa tuliujaza udongo na kuushindilia, ili mvua isiingie tena. Maji ya bafu nayo yakaelekezwa kwenye mfereji huohuo. Choo tulishindwa kukihamisha mwaka ule. Kilihamishwa mwaka uliofuata.

Na mabati? Pesa ya ukuta wa pili ilinunua mifereji ya paa kwa nyumba ya mama na mapipa manne. Majirani wawili walikubali kuweka mifereji baada ya kuona mapipa yake yamejaa mvua ya kwanza ya Septemba. Mama hahitaji kushuka ziwani kila siku sasa, na nadhani hilo liliwashawishi kuliko maneno yangu yote juu ya udongo. Jirani wa tatu alikataa hadi leo.

Mikaratusi ilizua ubishi wake. Mama aliipenda, iliipa nyumba kivuli na alidhani inashika ukingo. Mkaratusi ni mti wa Australia, unakua haraka, na mizizi yake kweli inashika kitu. Lakini ukiwa mrefu juu ya mdomo wa gema, upepo unaufanya mtaimbo: kila dhoruba inauinamisha na kulegeza udongo chini yake. Tuliikata usawa wa goti na kuacha visiki na mizizi ardhini ibaki ikishikilia wakati mimea mingine inakua, machipukizi tukawa tunayavunja. Magogo yakawa vigingi na ngazi. Hakuna kilichotupwa.

Sasa matete.

Hapa nilikosea mimi, na nataka niseme wazi, maana kosa hili linamgharimu mtu msimu mzima. Nilikuwa na haraka, na mikono ya salongo ilikuwa tayari. Mwezi uleule wa Julai tulikata matete kwa jirani, tukayapanda kwenye maji ya goti mbele ya gema. Baada ya wiki tatu yote yalikuwa yameoza au yanaelea. Tete jipya lisilo na mizizi halipumui likizama lote, na upepo wa kiangazi ulikuwa ukiyang'oa kabla hayajashika. Yale machache yaliyobaki yaliliwa na mbuzi.

Oktoba tulirudia kwa subira. Mawe ya ukuta ulioanguka tuliyakusanya yote, tukayapanga kwenye mguu wa gema bila saruji, mazito chini, yakiwa na nafasi katikati yake. Mbele ya mawe, majini, tulipigilia safu mbili za vigingi vya mkaratusi, tukajaza katikati matita ya matawi yaliyofungwa kwa kamba. Ukuta huo wa matawi hauzuii maji, unayachosha tu. Wimbi linaingia na nguvu, linatoka kwa upande wa pili limelegea, na tope lililobebwa nalo linatua pale. Matita yaliandaliwa kuoza baada ya miaka miwili au mitatu. Hadi wakati huo matete yawe yamechukua kazi.

Upandaji wenyewe ni rahisi ukishaujua. Tete letu, Phragmites mauritianus kwa jina la wataalamu, linachipua kwenye vifundo. Unachagua shina lililokomaa, si lile laini la juu, unalikata pingili za urefu wa mkono zenye vifundo vitatu. Unazitia kwenye tope kwa kulalia, vifundo viwili ndani, kimoja nje, kichwa kikielekea juu. Mstari wa kwanza tuliuweka pale maji yanapolowesha tu udongo, wa pili kwenye maji ya kifundo cha mguu, basi. Majini zaidi matete yatajiendea yenyewe, na yamejiendea. Kwa jirani hatukukata zaidi ya theluthi, tena kwa mabaka, ili tusimponye mmoja kwa kumjeruhi mwingine.

Watu waliuliza juu ya mafunjo, kwa kuwa yanapendeza. Mafunjo yanapenda ghuba tulivu yenye matope mengi. Mahali penye mawimbi yanang'oka yakiwa kisiwa kizima na kuondoka. Wengine waliuliza juu ya vetiveri, ile nyasi ya asili ya India ambayo mizizi yake inashuka wima mita mbili, tatu. Ni nyasi nzuri na siidharau. Tuliweka mstari mmoja juu ya njia iliyofungwa. Lakini mguuni mwa ziwa nilitaka mmea ambao ziwa linaujua. Mvuvi mmoja mzee, anayetega tilapia kando ya pwani, alikuwa amenieleza kwamba kabla ya matete kukatwa vifaranga vya samaki vilijificha mle, na kwamba sasa "hakuna nyumba ya watoto". Sambaza, wale dagaa wa Kivu, wanavuliwa mbali, lakini chakula cha maskini wa ukingoni hutoka kwenye maji ya magoti.

Juu ya mawe, kwenye mteremko, tulipunguza kwanza ule wima kwa majembe, kutoka juu kuja chini, kisha tukatandaza ukoka kwa vipande vilivyochimbwa njiani na uani. Ukoka hauombi sifa, unatambaa tu. Kwa kukata mteremko tulipanda mistari mitatu ya mubirizi, kile kichaka cha majani machungu, kwa vipandikizi. Kila nyumba ya Bukavu inaujua mubirizi kwa uchungu wake na kwa tumbo la mtoto. Wachache wanajua kwamba fimbo yake ikichomekwa mwezi wa kumi inachipua bila kubembelezwa, na kwamba uchungu wake huwafanya mbuzi wasiikimbilie sana. Hilo la mbuzi lilikuwa na maana kubwa kwetu. Kwenye unyevu wa chini tukachanganya sesbania, mti mdogo wa jamii ya kunde, unaokua upesi na kurutubisha udongo mwekundu ambao umeshapoteza tabaka lake jeusi.

Na nyuma, hatua sita kutoka mdomoni, si karibu zaidi, tulipanda mivumu, ile jamii ya mikuyu ambayo magome yake yalikuwa nguo za wazee katika nchi za Maziwa Makuu. Mvumu unapandwa kwa gogo. Unakata tawi nene kama mkono, urefu wa mita mbili, unalilaza kivulini siku chache hadi utomvu ukauke kwenye kidonda, ndipo unalizika theluthi. Tukipanda mti mkubwa mdomoni tungekuwa tumerudisha mkaratusi kwa jina lingine.

Kwa kupima, nilipigilia vigingi tisa kwa mistari mitatu, na kila mwisho wa mwezi mtoto wa mama, mwanafunzi wa sekondari, alipima umbali hadi mdomoni na kuandika kwenye daftari. Bila daftari hilo tungebaki na hisia zetu, na hisia baada ya jasho hudanganya. Msimu wa kwanza, 2023 hadi Mei 2024, mdomo ulirudi nyuma sentimita 25 mahali pamoja, chini ya kiwanja cha yule jirani asiyeweka mfereji. Kwingine haukusogea. Mbele ya mawe, nyuma ya matita, tope lilitua hadi nusu ya mguu na matete yakalishika. Msimu wa pili kazi ilisimama wiki nyingi, kwa yale mji uliyoyapitia kuanzia Februari 2025, waasi wa M23 walipouteka. Hakuna aliyekuwa na akili ya ukoka. Mimea haikusubiri watu. Tulipoweza kurudi, tulikuta kipande kimoja cha mteremko, ukubwa wa mkeka, kimeteleza, na mubirizi umekikamata katikati ya njia. Matete yalikuwa yamefunga mita thelathini.

Yalileta pia kazi mpya: kila bonde linaloingia ziwani mwetu linashusha plastiki, na matete yanaikamata. Ile isiyokamatwa inaelea hadi Ruzizi, pale maji ya ziwa yanapotokea, na kuziba mitambo ya bwawa, kisha umeme unakatika tunalalamika. Wamama wa mawe ya kufulia wanaitoa kila Jumamosi. Na watu walianza kukata matete kwa ajili ya uzio. Badala ya kukataza, mwenyekiti wa avenyu alipatana nao: theluthi moja kila mwaka, kiangazi, juu ya kifundo cha mguu, na mkataji analeta pingili kumi za kupanda.

Mimea hii haiwezi kila kitu. Mizizi ya ukoka inashika shibiri chache, ya mubirizi na mvumu zaidi kidogo. Kama gema linateleza kwa kina cha mita kumi, kama kule Funu, litateleza na mimea yake juu yake, imesimama wima, mibichi. Nikiita watu kupanda miti mahali kama pale nitakuwa nawadanganya. Pale nyumba ndizo za kuhamishwa. Gema la mama lilikuwa na jeraha la juujuu lililokuwa likielekea kuwa la ndani, na ufa ule wa kidole ndio uliokuwa mlango. Kila mvua kubwa mwanafunzi wetu anauangalia kwanza huo, kwa vipande viwili vya waya alivyochomeka kila upande, kabla ya kitu kingine chochote.

Wiki iliyopita nimepita tena. Juu ya viwanja vyote hivi, kwenye kipande kilichokuwa shamba la mihogo, nyumba mpya imeezekwa. Mabati yanang'aa, mfereji hakuna. Nilipima kwa hatua kutoka barabarani: mita 12 kwa 9. Kwa mvua ya milimita 40 ni lita 4,320, bidoni 216. Mama amechukua ile karatasi yenye hesabu, na chupa ya vidole vitatu ambayo bado anaiweka kabatini, na Jumapili baada ya misa tunapanda kwa mwenye nyumba.